Chumvi Iliyotangulia Pembe

Simulizi ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji karibu kila mara huanzia pwani. Huanza na matajiri wa Unguja, majora ya merikani na kaniki, shanga na baruti, halafu hupanda navyo Usagara na Ugogo mpaka Unyanyembe, nchi inayouzunguka mji wa Tabora, kana kwamba bara lote lilikuwa limekaa likingoja kufunguliwa. Bidhaa kuu katika simulizi hiyo ni pembe za ndovu, na msiba wake mkuu ni utumwa. Hayo yote yalitokea, wala hakuna la kuyafuta. Lakini ukiyatazama mambo kutoka Ntalikwa, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Tabora, badala ya kuyatazama kutoka maghala ya Unguja, utaona kwamba simulizi imeanza katikati. Hoja yangu ni kwamba kipande cha magharibi cha njia ile, kati ya Unyanyembe na Ziwa Tanganyika, kilikanyagwa kwanza na watu waliofuata chumvi. Kwamba desturi za safari ambazo wafanyabiashara wa pwani walizikuta na kuzitumia zilikomaa katika biashara ya chumvi na ya majembe. Na kwamba tumelisahau hilo kwa sababu moja kubwa, nayo ni kuwa chumvi haikai.

Sababu hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana inagusa namna tunavyoandika historia. Tulinganishe chumvi na fuwele inayodumu. Wakusanyaji wa fuwele za madini wanaipenda sana floraiti, madini ya kalsiamu na florini. Hapa Afrika Mashariki ilichimbwa kwa miongo kadhaa katika Bonde la Kerio nchini Kenya, ingawa huko ilichimbwa kwa mahitaji ya viwanda, si kwa kabati la mkusanyaji. Fuwele yake mara nyingi ni mchemraba wenye kingo kali, wa zambarau, wa kijani au usio na rangi. Anayeitunza huiepusha na kugongwa, kwa sababu pigo dogo tu huipasua kwenye kona. Huiweka mbali na dirisha, kwa sababu baadhi ya rangi zake hufifia juani. Akishafanya hayo, fuwele itaishi kuliko yeye na wajukuu zake. Chumvi ya chakula nayo huzaliwa mchemraba. Tazama punje yake kwa kioo cha kukuzia utaona pande zake zilizonyooka, na ukiivunja utapata michemraba midogo zaidi. Tofauti iko kwenye maji. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi huanza kuunywa, hulowana, kisha huyeyuka. Tabora mvua hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili. Mzigo wa chumvi uliosahauliwa kwenye kona ya tembe kwa masika mawili ulikuwa tope, na ule uliotunzwa vizuri uliliwa. Kwa vyovyote vile haukubaki. Ndiyo sababu pembe, shanga, bangili za shaba na bunduki za gumegume zimejaa katika makumbusho, lakini mzigo wa chumvi wa karne ya 19 hauonekani, na mwandishi wa historia, ambaye hufuata kilichobaki, hujikuta akiandika habari za vitu visivyoyeyuka.

Kilichobaki cha chumvi ni vigae. Uvinza iko pale mto Rusugi unapoukaribia na kuingia Malagarasi, yapata kilomita 300 kwa reli kutoka Tabora kuelekea Kigoma. Kuna chemchemi zinazotoa maji makali ya chumvi, na kuzizunguka kuna tabaka juu ya tabaka la vyungu vilivyovunjika, majivu na makaa. Mwaka 1967 wanahistoria John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapo, na mwaka uliofuata wakachapisha matokeo yao katika jarida la Azania. Vipimo vya kaboni kutoka tabaka za chini viliirudisha kazi ya chumvi mpaka karne ya 5 au ya 6. Tuzingatie maana ya tarehe hiyo: ni kabla ya Hijra, na ni mamia ya miaka kabla ya Kilwa kujenga msikiti wa mawe. Tabaka za juu zilionyesha mashimo yaliyokandikwa udongo, yaani kazi iliyoendelea kubadilika na kuboreshwa, na karne ya 19 wasafiri wa Ulaya waliikuta ikifanyika. Richard Burton alipovuka Malagarasi na Rusugi mapema mwaka 1858, akitoka Kaze ya Unyanyembe kwenda Ujiji, aliandika habari za watengenezaji chumvi wa mahali hapo. Kwa maneno mengine, Burton alipita kwenye kiwanda kilichokuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja, akiwa njiani kwenda kutafuta ziwa ambalo alidhani ndiye anayelifungua kwa dunia.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Chemchemi ziko kingoni mwa mto, kwa hiyo wakati wa masika mafuriko huzifunika na kuyazimua maji yake. Msimu wa chumvi ni kiangazi. Mavuno yakishaingia ghalani, watu walifunga safari na familia zao, wakajenga vibanda vya nyasi karibu na chemchemi, wakakata kuni, wakachota maji na kuyachemsha katika vyungu mpaka yakauke. Kuchemsha kwa moto mkali hakutoi fuwele kubwa. Hutoa punje ndogondogo nyeupe zinazoshikana, na chungu kikishapikiwa mara nyingi hupasuka. Hapo ndipo vilipotoka vile vilima vya vigae. Mtawala wa nchi alichukua fungu lake la chumvi kwa kila aliyekuja kupika, awe Mvinza au mgeni. Baada ya hapo kazi ilikuwa kuitunza chumvi, na hapa misitu ya miyombo ya magharibi ilikuwa na jibu: magome. Lindo, yaani kasha la gome lililoshonwa na kufunikwa, lilihifadhi nafaka na nguo katika nyumba za Unyamwezi, na chombo cha namna hiyo ndicho kinachofaa kwa kitu kinachoogopa unyevu. Nyumbani mahali salama pa chumvi palikuwa darini juu ya moto wa jikoni, ambako moshi na joto huikausha hewa hata mvua inaponyesha usiku kucha. Mkusanyaji wa floraiti huogopa pigo na jua. Mke wa mpagazi aliogopa masika.

Kwa nini watu wajisumbue kiasi hicho? Mkulima wa Unyanyembe alikula mtama, uwele, mihogo, kunde na mboga za porini, vyakula ambavyo vina sodiamu kidogo sana. Mtu anayekula nyama na maziwa kila siku hupata chumvi bila kuitafuta. Anayekula ugali wa mtama na kutoka jasho shambani hana budi kuitafuta. Kulikuwa na njia nyingine, nayo ni kuchuja majivu ya nyasi na matete, lakini chumvi hiyo huwa na potasiamu nyingi na ladha yake ni chungu. Anayeipata ya Uvinza hawezi kuirudia ile ya majivu kwa hiari. Kwa hiyo kaya za Ntalikwa na vijiji jirani, ambazo hazikuwa na chemchemi ya kulinganishwa na Uvinza, zilikuwa na haja ya kudumu, ya kila mwaka, ya kitu kilichopatikana mwendo wa zaidi ya majuma mawili kwa miguu. Sijui msukumo mwingine wa biashara wenye nguvu kuliko huo. Pembe ni anasa ya mtu wa mbali. Chumvi ni hitaji la kila jungu, na jungu halingoji tajiri wa Unguja atume mkopo.

Chumvi haikutembea peke yake. Kaskazini ya Unyamwezi, Wasumbwa na Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyosambaa nchi nzima, yakatumika shambani, yakalipwa mahari, yakahesabiwa kama fedha. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati bidhaa za chuma za Ulaya zilikuwa zimeshafika, afisa wa Kijerumani Sigl alikadiria kuwa majembe 150,000 hivi yaliletwa kuuzwa katika soko la Tabora kwa mwaka. Hata ukilipunguza kadirio hilo nusu kwa tahadhari, bado unaliona soko ambalo halikuwa kituo cha kupumzikia pembe tu. Roberts, katika utafiti wake juu ya biashara ya Wanyamwezi uliochapishwa mwaka 1970, alisisitiza kwamba biashara hii ya ndani ya chumvi, chuma na shaba ndiyo msingi uliobeba ile ya masafa marefu. Naona alikuwa sahihi, na naona pia kwamba chumvi ina nafasi ya pekee kati ya hizo tatu. Jembe hudumu miaka kadhaa. Chumvi huisha, kwa hiyo humrudisha mtu njiani kila kiangazi, na njia haifanywi na safari moja kubwa bali na nyayo zinazorudi.

Hapo ndipo ninapoiona shule ya upagazi. Magharibi ya Tanzania ina mbung'o, na punda na ng'ombe wa mizigo hawakuweza kutegemewa, hivyo kila kitu kilipanda kichwani au begani mwa mtu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika misafara mikubwa ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32. Kubeba uzito huo siku baada ya siku, kujua maji yako wapi mwezi wa Septemba, kupanga kambi, kumtii kirangozi aliyeongoza msafara, kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, bila kugombana, kuoa au kufanya utani katika nchi unazopitia ili usiwe mgeni kabisa: hayo hayajifunzwi katika safari moja, wala Mwarabu wa Unguja hakuja kuwafundisha Wanyamwezi. Walikuwa nayo tayari. Ushahidi mkubwa ni kwamba wao ndio walioshuka pwani kwanza. Yapata mwaka 1800 vikundi vya Wanyamwezi vilikuwa vikifika ufukweni na pembe zao, wakati wafanyabiashara wa pwani walikuwa bado hawajafanya makazi Unyanyembe. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi anayekumbukwa miongoni mwa wageni wa mwanzo kufika huko, alipanda bara yapata 1825, na mji wa wageni pale Kaze ulikua kwenye miaka ya 1850 chini ya mtemi Fundikira. Upande wa magharibi na kusini mambo yalikuwa yale yale. Msiri, Msumbwa aliyetoka katika nyumba ya wafanyabiashara wa shaba, alijenga dola yake Katanga katika miaka hiyo hiyo ya 1850 na kuitawala mpaka alipouawa mwaka 1891. Watu wa aina hiyo hawazaliwi katika nchi isiyojua safari. Na kalenda yao inasema jambo: misafara ya Wanyamwezi kwenda pwani iliondoka baada ya mavuno, wakati ule ule ambao mafuriko huziachia chemchemi za Uvinza zikaweza kufanyiwa kazi. Mwaka wa mpagazi uliwekwa na shamba na chumvi kabla haujawekwa na pepo za kusi na kaskazi.

Anayepinga atasema kwamba umri wa kiwanda hauthibitishi umbali wa biashara. Vigae vya karne ya 6 vinaonyesha kwamba chumvi ilipikwa Uvinza. Havionyeshi kwamba ilibebwa kilomita 300. Pingamizi hilo ni la haki, na kwa sababu hiyo sidai kwamba mtu wa karne ya 6 alibeba lindo la chumvi mpaka Ntalikwa. Nadai jambo dogo zaidi lakini lenye uzito. Wingi wa vigae ni mkubwa mno kwa mahitaji ya wakazi wachache wa bonde lile. Wasafiri wa karne ya 19 waliikuta chumvi ya Uvinza mbali na chemchemi zake, kando ya ziwa na ndani ya Unyamwezi, na katika mikono ya watu wa kawaida, si ya misafara ya pwani. Mfano wa Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, ambako Brian Fagan alichimba katika miaka ya 1960 na kukuta kazi ya chumvi ya karibu karne ya 13 hadi ya 15, unaonyesha kwamba Uvinza haikuwa ajabu ya pekee. Magharibi yote ilikuwa na vituo vya chumvi, na kati ya vituo hivyo kulikuwa na nchi pana zisizo nayo. Palipo na kituo na uhitaji, na watu wasiokuwa na mnyama wa kubeba, pana njia ya miguu.

Njia yenyewe inatoa ushahidi pia. Msafara uliotoka Unyanyembe kwenda Ujiji ungeweza kupita kusini, Ukawendi, kama Stanley na Livingstone walivyofanya waliporudi Tabora mwanzoni mwa 1872. Hata hivyo njia ya kawaida iliendelea kupita Uvinza, ingawa kivuko cha Malagarasi kilikuwa ghali. Burton alilalamikia hongo aliyotozwa na Mzogera, mtawala wa huko, na waliomfuata walilalamika hivyo hivyo. Watu hawalipi gharama ya namna hiyo miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya mazoea matupu. Walilipa kwa sababu pale palikuwa na vyakula, wavushaji, kambi, soko, na watu waliozoea kupokea wageni wengi kila kiangazi. Chumvi ndiyo iliyokuwa imewazoeza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema: hata kama chumvi ilitangulia, thamani yake ilikuwa ndogo, na kilichoibadilisha nchi ni pembe, mikopo ya mabaniani wa Unguja, bunduki na vita. Hapa nakubali sehemu kubwa. Jairam Shivji na nyumba yake, waliokodi forodha ya Unguja, na baadaye Taria Topan, walitia bara mtaji ambao chumvi isingeweza kuuzaa. Vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora kati ya 1871 na 1875 havikuwa vita vya chumvi. Wala Isike, mtemi wa Unyanyembe, asingejilipua kwa baruti ndani ya boma lake mwezi Januari 1893, Wajerumani wakiwa wameshaingia, kama Unyanyembe ingebaki soko la majembe na malindo. Lakini kukubali hayo ni kukubali kwamba pembe ilibadilisha njia. Si kukubali kwamba iliifanya. Mkopo wa Unguja ulilipa miguu ambayo tayari ilijua kutembea, ukapita kwenye vivuko ambavyo tayari vilikuwa na wenyewe, ukalala kwenye kambi ambazo tayari zilikuwa na visima. Bila hayo, mtaji wote ule ungeishia Ugogo kwa kiu.

Kuna pia hofu kwamba kuzungumzia chumvi ni kuipamba historia, kuwaonyesha wapagazi kama wafanyabiashara huru na kuwasahau waliofungwa minyororo wakipelekwa pwani kwenye njia ile ile. Naichukua hofu hiyo kwa uzito wake wote. Maelfu ya watu kutoka Manyema na kandokando ya ziwa walipitishwa Uvinza na Tabora wakiwa mali ya wengine, na Tabora ilikuwa mji wenye watumwa wengi. Lakini mtu akiamini kwamba njia iliumbwa na biashara ya watumwa na pembe, anawapa wafanyabiashara hao sifa wasiyostahili. Waliikuta njia ya riziki wakaitumia kwa uharibifu. Mkulima wa Unyanyembe aliyekuwa akienda Uvinza na familia yake kila kiangazi, akarudi na mizigo miwili ya chumvi, ndiye aliyepokonywa njia yake pale ilipojaa wapiganaji wa ruga-ruga na bunduki, kiasi kwamba safari ya jikoni ikawa safari ya hatari. Kumrudisha katika simulizi kunaonyesha kilichovunjwa.

Mwisho wa enzi ya misafara nao unasema jambo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani waliweka kiwanda cha chumvi hapo Uvinza, wakakiita Gottorp. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ikapita Uvinza, karibu na kingo ambazo wapika chumvi walikuwa wamezijaza vigae. Upagazi wa masafa marefu ulikufa upesi baada ya hapo. Vijana wa Unyamwezi waliokuwa wakibeba pembe walianza kwenda kutafuta vibarua katika mashamba ya mkonge. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia, Wabelgiji waliotoka upande wa ziwa waliitwaa Gottorp katika mwendo wao wa kuja Tabora, waliyoiteka tarehe 19 Septemba 1916. Chini ya Waingereza kiwanda kikaendelea kwa jina la Nyanza. Soko la utumwa lilikuwa limefungwa, ndovu wa Unyamwezi walikuwa wamekwisha kitambo, merikani ilikuwa inashushwa kwenye mabehewa badala ya mabega, na katika stesheni ya Uvinza magunia ya chumvi yaliendelea kupakiwa kama kawaida.